Ushoroba wa Mama Heleni

Mwanangu, siku niliyoambiwa kwamba nimejenga msikiti ndani ya nyumba ya Mwingereza naikumbuka vizuri, na sioni haya kuisimulia. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimesimama kwenye vumbi la chokaa kule Diani, mwiko mkononi, na mwenye nyumba amenikunjia uso huku akinyoosha kidole ukutani. Tulia nikuhadithie. Chai ipo na mimi sina haraka. Na wewe unayekwenda kuanza kazi yako ya kwanza ya kusimamia watu, haraka zako ziweke kando kidogo.

Ilikuwa mwaka uliofuata ile mvua kubwa ya El Nino. Hoteli nyingi za pwani yetu ya kusini zilikuwa tupu, wageni hawaji, na vijana waliozoea kuvaa sare nyeupe na kubeba sinia walikuwa wanashinda Ukunda wakipiga soga. Kazi ya ujenzi ikipatikana, mtu aliishika kwa mikono miwili. Mimi niliipata kupitia kwa Mjomba Bakari wa Msambweni, kaka wa mama yangu. Nawe wajua, kwetu Wadigo mjomba si mtu wa kutembelewa sikukuu tu. Ndiye aliyenifunza kazi, ndiye aliyenisemea nilipoposa, na yeye akikohoa mimi nilikaa wima. Alikuwa fundi wa mawe na chokaa tangu ujana wake. Wakati huo mtoto wa jicho alikuwa amekwisha kumfunga jicho moja, na la pili lilianza kuingia ukungu. Alituambia wazi kwamba nyumba hii ndiyo ya mwisho. Akiimaliza, mwiko ataupumzisha.

Mwenye nyumba alikuwa Mama Heleni, mjane wa Kiingereza aliyelima huko bara miaka mingi kabla ya kuhamia pwani. Kiswahili chake kilikuwa kile cha shambani, cha kuamrisha watu na ng'ombe, lakini alikisema bila woga na tulimwelewa. Alizaliwa katika jumba la kale la ukoo wao huko Uingereza, mbali na mji, katikati ya mashamba. Jumba lile liliuzwa, kisha likavunjwa. Basi yeye uzeeni akaamua kulijenga upya, kwa udogo, kwenye kiwanja chake cha Diani. Alikuwa na picha yake ya zamani ndani ya fremu, na ramani aliyochorewa na mpwa wake huko kwao.

Lile jumba lilikuwa na mambo! Uso wake ulilingana kushoto na kulia, hata ungeweza kuukunja katikati kama leso. Mlango mkubwa katikati, nguzo nne mbele yake, juu ya nguzo ukuta wa pembe tatu, na ngazi pana za kupandia. Madirisha marefu yalipangwa sawasawa pande zote mbili. Na kwa kuwa nyuma ya dirisha mojawapo kulikuwa na stoo, ramani ilitaka pale tujenge dirisha la uongo: fremu ipo, kizingiti kipo, lakini ndani ni mawe matupu. Mjomba alipoelezwa hilo alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. "Dirisha la kuwadanganya wapita njia!" akasema. Juu ya paa kulikuwa na dohani mbili za moto wa kuota, kule Diani, ambako mtu hulala amejifunika kanga na bado anatoka jasho. Tulizijenga. Mteja akitaka dohani, mjengee dohani.

Kilichotuingiza matatani ni ushoroba. Ramani ilionyesha njia ndefu nyembamba iliyotoka jikoni, ikapita nyuma ya chumba cha kulia na nyuma ya sebule, ikiwa na ngazi zake yenyewe za kupandia juu na mlango wake wa kutokea nyuma ya nyumba. Mtu aliyekaa sebuleni asingeiona kabisa. Hata mlango wa kuingilia huko kutoka chumba cha kulia ulitakiwa ufanane na ukuta, usitambulike. Ilikuwa nyumba ndani ya nyumba. Mama Heleni alikuwa amesafiri kwao kutibiwa, na ramani haikueleza ni njia ya nani. Tukabaki sisi na michoro.

Wewe umekulia kwenye nyumba za siku hizi, za geti na makochi, kwa hiyo hili lazima nikufafanulie. Nyumba ya zamani ya pwani uso wake wa nje huwa mtupu. Mgeni wa kiume hukaribishwa barazani, akanywa kahawa yake, akaaga. Kadiri unavyoingia ndani ndivyo nyumba inavyozidi kupendeza, na chumba cha ndani kabisa ndicho chenye zidaka, yale matundu ya ukutani yanayonakshiwa kwa chokaa ili kuwekwa vyombo vya thamani. Wanawake wana mlango wao wa uani na njia yao, wapite bila kukodolewa macho na kila mtu. Kwetu, kinachofichwa ni kile kinachoheshimiwa zaidi. Mjomba alijenga hivyo maisha yake yote, na waliomfunza walijenga hivyo hivyo.

Basi nilipomsomea ramani, akaniuliza, "Njia hii wageni hawaioni?"

"Hawaioni, mjomba."

"Ina mlango wake wa nyuma?"

"Inao."

"Basi hiyo ni njia ya wanawake wa nyumba. Mbona imechorwa nyembamba hivyo? Mwanamke na buibui lake, na sinia la pilau mikononi, atapita vipi? Huyo mpwa wake bila shaka hajaoa."

Tukacheka, tukapiga kamba upya. Tukausogeza ukuta, tukakimega chumba cha kulia kiasi cha urefu wa mkono, na ushoroba ukapata nafasi ya watu wawili kupishana. Msimamizi wa kazi nilikuwa mimi. Kalamu nilishika mimi, nami nilikubali bila wasiwasi wowote, maana hata mimi sikuwa nimeona nyumba ya namna nyingine. Kisha Mjomba akaingia humo na chokaa yake. Alifanya zidaka pande zote mbili, safu juu ya safu, zenye vichwa vya upinde na maua madogo pembeni. Jicho halikumsaidia tena, alifanya kwa vidole. Alipapasa, akakwangua, akapapasa tena, na mimi kazi yangu ilikuwa kumshikia ndoo na kunyamaza. Nguzo za mbele tuliziacha mwisho, kwani kwetu mbele huwa mwisho. Ukiniuliza leo ni kazi gani nzuri kuliko zote nilizowahi kusimamia, nitakutajia ile.

Mama Heleni akarudi. Alishuka garini na fimbo yake, akatazama mbele pasipo nguzo, akaguna. Akaingia. Chumba cha kulia akakipima kwa macho, akaguna tena. Alipofika kwenye ushoroba akasimama kabisa.

"Hii iko nini?" akauliza.

Nikamwambia, kwa furaha zote, kwamba ni ile njia ya ndani.

"Mimi nataka njia ya boi!" akafoka. "Boi nabeba chakula, napita, hapana onekana. Wewe najenga msikiti?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Huko kwao njia ile ilikuwa ya watumishi. Walifichwa nyuma ya kuta ili mabwana wasiwaone wakibeba makaa, maji ya kuoga na vyombo vichafu, na ndiyo maana ilichorwa nyembamba na yenye giza. Sisi tulikuwa tumechukua uchochoro wa watumishi na kuupamba kama chumba cha bibi harusi. Akaniambia ukuta urudi ulipochorwa na yale maua yatolewe yote, kazi ianze Jumatatu, la sivyo ataleta mafundi wengine. Nami, mwanangu, sikubishana. Niliwafikiria vijana wote waliokuwa wakila kwa kazi ile. Ndiyo mama, samahani mama, tutabomoa mama. Nilizimimina mpaka nadhani mwenyewe alizichoka.

Siku hiyo hiyo nikaenda Msambweni. Mjomba alikuwa amekaa ukumbini kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, nikamweleza kila kitu, pamoja na jinsi nilivyoomba radhi kwa niaba yetu sote. Nilitaraji anipe pole. Akanigeuzia lile jicho lililobaki.

"Nani alikutuma uombe radhi kwa jina langu?"

Nikasema nilitaka kuiokoa kazi.

"Ulimweleza kwa nini tulijenga vile?"

"La, mjomba. Alikuwa na hasira."

"Kwa hiyo umekubali kubomoa, na mwenye nyumba hajui anabomoa nini." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. "Sikiliza, Suleimani. Tulikosa jambo moja. Hatukumwuliza ni nani atapita pale. Tulidhani nyumba zote duniani zinafikiri kama za kwetu. Hilo nitaliombea radhi mwenyewe, tena mbele yake, kwa sababu ni kosa. Lakini kujenga njia nzuri si kosa, na sitaliombea radhi, na wewe usiniombee."

"Na akishikilia tubomoe?"

"Tutabomoa. Nyumba ni yake, si yangu. Tutaanza juu, polepole, mawe yasivunjike, na hakuna atakayenuna. Lakini kwanza apite mle ndani mara moja, kwa miguu yake. Mtu hafai kuvunja kitu ambacho hajakipita."

Nilimtazama mikono. Vidole vilikuwa vimechubuka kwa chokaa, na nilijua kwamba zidaka zile zikivunjwa hatafanya nyingine, kwa kuwa lile jicho halingemngoja. Yeye pia alijua. Hakulitaja. Alimwita mkewe alete kahawa, tukanywa.

Jumatatu tukaenda pamoja. Mjomba alivaa kanzu safi na kofia yake iliyotariziwa vizuri, hakuvaa nguo za ufundi. Mama Heleni alikuwa jikoni na mpishi wake, Mama Nduku, mwanamke wa Kikamba aliyemfuata kutoka bara na ambaye hakuondoka hata wakati wa ghasia, watu wa bara walipokuwa wakifunga virago. Mjomba akasalimu, akasema, "Mama, tulijenga bila kukuuliza. Hapo tulikosa, na ninakuomba radhi." Akaishia hapo. Mama Heleni akangoja radhi iliyobaki, haikuja.

"Naomba jambo moja," Mjomba akaendelea. "Pita humu mara moja, mpaka chumba cha kulia. Ukitoka upande wa pili useme tubomoe, tutabomoa leo leo."

Nilidhani atakataa. Alimtazama huyu mzee mwenye jicho moja aliyesimama mbele yake bila kubabaika wala kuleta jeuri, na nadhani hakuzoea mtu wa namna hiyo. Akaingia na fimbo yake. Mimi na Mjomba tukabaki mlangoni. Mama Nduku alikuwa ametangulia chumba cha kulia kuondoa vyombo, kwa hiyo akawa anarudi jikoni na sinia la vyombo vya chai, wakakutana katikati ya ushoroba. Ningekuwa nimejenga kama ramani, mmoja wao angelazimika kurudi kinyumenyume. Pale walipishana. Mama Nduku akasema "Samahani, mama," akapita, na bibi yule akasimama akimfuata kwa macho kana kwamba ndiyo kwanza amuone.

Kisha akagusa kidaka kimoja. Akaingiza vidole kwenye ua dogo, taratibu.

"Hapa naweka nini?" akauliza bila kugeuka.

"Kwetu huwekwa vitu vizuri," Mjomba akajibu. "Sahani za kale, vitabu, taa. Vile usivyotaka kila mtu avione."

Aliposema, alisema kwa sauti ndogo, na maneno yake nakupa vile vile alivyoyatamka: "Mimi nakaa ile nyumba mpaka iko msichana mkubwa. Kila asubuhi naamka, moto iko tayari. Kila asubuhi. Mimi hapana jua nani nawasha. Nasikia miguu tu, ndani ya ukuta."

Akamwita Mama Nduku, akamuuliza yeye anataka nini.

Mama Nduku aliweka sinia chini, akajipangusa mikono. "Mama, hii nyumba ni yako. Mimi ndio nitapita hapa kila siku. Hapa ni pazuri. Ukisema wabomoe, bado nitapita."

Mwanangu, nimesikia wanasheria wakisema na wanasiasa wakisema, lakini sijamsikia mtu aliyesema machache yakatosha namna ile. Mama Heleni aligonga fimbo sakafuni. "Wacha," akasema. "Wacha hivi." Halafu akageuka, amekunja uso wake ule ule wa siku zote. "Lakini nguzo yangu mimi nataka! Nne!"

Tukamjengea nguzo nne, nzuri, zilizonyooka kwa timazi, na dirisha la uongo likabaki pale pale likidanganya watu. Siku hizo Mjomba alizoea kukaa naye kwenye ngazi, akimweleza nyumba zetu, nani hupita mbele na nani hupita nyuma. Meza aliyoileta kwa meli kutoka kwao haikuenea katika chumba cha kulia tulichokimega, ikabidi seremala aikate. Alinilaumu kwa ile meza kila aliponiona, nami nilikuwa nainamisha kichwa nikicheka moyoni. Kazi ile ilitupatia nyingine, na nyingine. Hata leo, kwa sababu ya ushoroba ule, sijawahi kulala njaa.

Mjomba aliupumzisha mwiko kama alivyosema. Hakuishi sana baada ya hapo. Allah amrehemu. Siku ya matanga, Msambweni ilijaa watu. Wanaume tulikaa mbele ya nyumba kwenye mikeka, na mimi nikiwa mpwa ndiye niliyekuwa napokea wageni. Nikaona gari la Mama Heleni linasimama. Akashuka na Mama Nduku, wote wawili wamejitanda kanga kichwani, yeye amejitanda vibaya lakini amejitanda. Nikakimbia kutafuta kiti. Nikakiweka mbele kabisa, kivulini, mahali pa heshima ambapo ungemweka mgeni yeyote mkubwa, nikamwambia karibu mama, kaa hapa.

Akakitazama kile kiti. Akatikisa kichwa.

"Mimi hapana taka mlango ya mbele," akasema. "Bakari naambia mimi, watu ya nyumba napita nyuma."

Akanizunguka na fimbo yake, akafuata ukuta mpaka uani, akaingia kwa mlango wa wanawake. Nilimfuata hadi pale ninaporuhusiwa kufika. Nikamwona anainama, magoti yale magumu yanakataa, Mama Nduku anamshika mkono, hadi akakaa chini kwenye mkeka karibu na mkaza mjomba wangu aliyekuwa amekaa na msiba wake. Mkaza mjomba hakumjua. Alisogea tu, akampa nafasi, akamshika mkono, wakalia pamoja. Nami niliyekuwa nimejizuia tangu mazikoni nikageukia ukuta, nikalia.

Basi haya ndiyo ninayokuachia. Kabla hujamjengea mtu chochote, iwe nyumba, iwe biashara, iwe ndoa, muulize nani atapita wapi, wala usidhani kwamba linaloheshimiwa kwenu ndilo linaloheshimiwa kwake. Ukikosa, omba radhi ya kosa lenyewe, iseme mara moja, kwa mdomo wako mwenyewe, na uishie hapo. Usiombe radhi kwa kazi uliyoifanya kwa moyo safi, kwani ukiizoea tabia hiyo utaomba radhi hata kwa kuwa hai. Mwenye mali akishikilia uvunje, vunja vizuri, usinune. Lakini mwambie kwanza anavunja nini. Na ukiwa wewe ndiye mwenye nyumba, wajue wanaokuwashia moto. Wajue kwa majina.

Nenda sasa, watu wako wanakungoja. Mola akuongoze mikono, akupe macho ya kuona na ulimi wa kuuliza, na kila mlango utakaoujenga aupitishie kheri, wa mbele na wa nyuma. Amina.